Dalali kupiga chumba kwa lenzi pana: ufundi au utapeli?

MpangajiMbezi: Wakuu, natoka kuona chumba. Kwenye picha kuna kitanda cha sita kwa sita, kabati, na nafasi ya kucheza rede. Nimefika, mlango haufunguki wote, unagonga kitanda. Hizi picha za lenzi pana zinazopitishwa kwenye programu si zipigwe marufuku?

FundiPicha: Usichanganye mambo. Lenzi pana ndiyo inayopindisha, kuta zinatuna kama pipa. Kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, unaweka tiki kwenye profaili ya lenzi (maelezo ya kasoro za lenzi hiyo), inanyoosha kuta na kutoa giza la kwenye kona. Nguzo zikilala, kuna Upright ya kuzisimamisha, ipo tangu 2013. Ukuta kunyooka ndio ukweli wenyewe.

MamaHarusi: Ukweli! Kwenye sendofu ya binti yangu mlinipanga mwisho wa mstari, nikatoka kichwa kama boga.

FundiPicha: Pole mama, lakini hapo si kasoro ya lenzi. Ukishanyoosha mistari, vitu vya pembeni lazima vivutike. Programu nyingine, DxO ViewPoint, inarudisha vichwa, ila mistari nayo inaanza kupinda. Huyo mpiga picha alitakiwa arudi nyuma.

MamaHarusi: Arudi wapi, kulikuwa na meza ya keki? Na hela alichukua yote.

DalaliTabata: Mnatuonea bure. Mimi Lightroom siijui, nabonyeza 0.5, ile lenzi pana ya simu, inanyoosha yenyewe. Iko tangu iPhone 11, 2018 kama sikosei. Chumba cha tatu kwa tatu nikikipiga kawaida utaona pazia tu.

MzeeWaKodi: 2019. Na ile inaona upana wa nyuzi 120, ukuta wa mbele unasukumwa huko mbali. Hakuna programu inayourudisha. Mpangaji, siku nyingine hesabu marumaru kwenye picha. Zikiwa za sentimita 40 na ziko saba, hiyo ni mita 2.8, kwisha habari. Ila wewe dalali, ile elfu kumi ya kuoneshwa chumba ni ya nini?

DalaliTabata: Bodaboda nalipa mimi?

MzeeWaKodi: Na kodi ya mwezi mmoja unayochukua baadaye ni ya nini?

DalaliTabata: Ya kukutafutia! Mwenye nyumba hanipi hata shilingi. Nenda kazunguke mwenyewe na jua hili uone.

MpangajiMbezi: Nimezunguka vyumba vinne. Arobaini imeondoka na sina pa kulala.

DalaliTabata: Si ulioneshwa vinne? Tena kile cha pili ulikikataa kwa sababu ya choo cha nje.

MpangajiMbezi: Kumbe ni wewe!

MamaHarusi: FundiPicha, hilo boga langu linatengenezeka?

FundiPicha: Nitumie faili halisi, si ya WhatsApp. Elfu tano.

MzeeWaKodi: Ya kuoneshwa?