Naenda Mtwara na rafiki Mjerumani, usalama ukoje?

Binti_Njiro:
Wakuu habari za jioni. Mwezi ujao nashuka Mtwara siku nne na rafiki yangu Mjerumani, tulisoma wote chuo. Mimi ni mtu wa Arusha, kusini sijawahi kufika hata siku moja. Tunataka Mikindani, Msimbati na kuogelea basi. Sasa yeye kasoma huko kwao habari za vita ya Msumbiji ameanza kusita, na mama yangu naye kaambiwa sijui na nani kwamba bodaboda wa huko wanakwapua simu. Ukweli ukoje? Tulale upande gani?

Mwana wa Shangani:
Dada karibu sana. Simu inakwapuliwa popote hata huko Arusha kwenu, ukiwa kwenye bajaji usiishike mkono wa nje. Basi likiwashusha stendi ya Mkanaledi usiku usimfuate anayewahi kubeba begi lako, patana bei na dereva kabla hujakaa. Laleni Shangani, kumetulia na bahari iko hapohapo, ila giza likiingia ufukweni ondokeni. Gesti mtaandikwa kwenye kitabu, mwenzio awaonyeshe pasipoti lakini isibaki mapokezi.

Mimi kinachonitisha huku sio mwizi, ni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanatoka mbaali mida ya saa nne asubuhi unabaki mwamba mtupu na kina mama wanachokoa pweza, mgeni anaona kapata uwanja. Shemeji yangu wa Iringa alivua viatu akaviweka juu ya jiwe, ndani katia funguo za gari, akawafuata kina mama kule mwisho. Sasa maji hayarudi kwa mbele tu, yanapita kwanza kwenye mkondo ulio nyuma yako, unageuka unakuta kati yako na pwani pameshajaa. Alivuka yamemfika kifuani, kiatu kimoja kikaja kinaelea pembeni yake, funguo mpaka leo. Ukiona wale kina mama wamebeba ndoo wanarudi na wewe rudi, usiulize kwanini. Na vaeni ndala ngumu au raba, mwamba unakata na kuna wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba.

Mchonga Mwiko:
Nakazia la juu. Msimbati mchanga ni mzuri balaa lakini kina kiko karibu, unapiga hatua chache miguu haigusi chini. Kama mwenzio hajui kuogelea abaki mnapoona wavuvi wanasimama. Halafu ile ni hifadhi ya bahari kuna kiingilio, daini risiti. Njiani mtapita Madimba kwenye mtambo wa gesi, simu ziwe mfukoni, msijifanye wapiga picha pale.

Mikindani hamna shida kabisa, Boma la Wajerumani la 1895 atalipenda huyo (au ataona aibu hahaha). Ila ni mji wa Waislamu, akitoka kuogelea ajifunge kanga, asikatize mitaani na chupi ya kuogelea.

Dereva Kusini:
Kuhusu Msumbiji tusimdanganye mtoto wa watu. Jimbo lao la Cabo Delgado kumechafuka tangu 2017 na Oktoba 2020 waasi walivuka mto Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, upande wetu kabisa. Mtwara mjini watu wanalala na kuamka kama kawaida, lakini wazo la kwenda Kilambo mpakani kuona mto liacheni. Na Msimbati haiko mbali na mdomo wa Ruvuma, kwa hiyo mwenzio asome tangazo la serikali yake la wiki hiyo na aipigie bima yake kabla hajapanda ndege, maana kuna bima hazilipi ukiumia sehemu waliyokukataza. Namba ya polisi ni 112.

Binti_Njiro:
Asanteni sana wakuu, kumbe mama alikuwa anaogopa kitu kingine kabisa. Nimeangalia kalenda, Jumamosi tuliyopanga kuogelea mwezi ni mpevu 😩 nibadilishe?

Mwana wa Shangani:
Usibadilishe. Asubuhi nendeni Mikindani, mchana mpande kivuko mwende Msangamkuu. Bamvua inajaa mida ya saa kumi jioni, hapo maji yako karibu na mchanga mtaoga vizuri tu. Ila ulizeni kivuko cha mwisho kurudi ni saa ngapi kabla hamjavuka.