Camaro Z28 ya mwaka 2000 ya kuendea kazini na kukimbizia robo maili: nianzie wapi?

Mkaazi_wa_Dallas ameuliza:

Ndugu zangu, salamu. Nimenunua Chevrolet Camaro Z28 ya mwaka 2000 kutoka kwa mzee mmoja aliyeitunza vizuri. Ina injini ya LS1 ya lita 5.7, giaboksi ya otomatiki ya 4L60-E na difu yenye uwiano wa 3.23, yaani propela huzunguka mara 3.23 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Injini haijawahi kufunguliwa, kompyuta yake haijaguswa, na kila kitu ni cha kiwandani isipokuwa redio. Ninataka iendelee kunipeleka kazini kwa barabara kuu siku za wiki, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi kwa sababu joto la Texas si la kuzoeleka, kisha siku ambazo uwanja wa Texas Motorplex kule Ennis unafunguliwa kwa magari ya mitaani niende kujipima.

Nimetenga dola 4,000 kwa mwaka huu. Kazi nitaifanya mwenyewe kwenye gereji ya nyumbani, ambayo ina sakafu ya zege, jeki nzuri na stendi nne. Jirani yangu, ambaye ana Mustang, ananihimiza nianze na kemshafti kubwa, ile shafti inayofungua vali za injini, na rafiki mwingine anasema chupa ya naitrasi, gesi inayopulizwa ndani ya injini, ndiyo nguvu ya bei rahisi kuliko zote. Ninaomba mwenye uzoefu wa magari haya anieleze kipi kitangulie na kipi kisubiri, na zaidi ya yote anieleze sababu zake.

FundiWaOhio amejibu:

Ndugu, karibu. LS1 ya Camaro yako ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 305, wakati ile ya Corvette ya miaka hiyo hiyo ilitangazwa kuwa na 345, na kila aliyezipima zote mbili kwenye magurudumu anajua kwamba tofauti halisi ni ndogo kuliko ile iliyoandikwa. Kwa hiyo gari lako halina njaa ya nguvu. Linachokosa ni namna ya kuzifikisha nguvu hizo kwenye lami, hasa katika futi 60 za mwanzo, yaani kama mita 18, ambako ushindi wa mbio nyingi za robo maili hupatikana au kupotea.

Kwa sababu hiyo, kemshafti isubiri. Fedha ya kwanza iende kwenye konvata ya giaboksi, kile kifaa chenye oili kinachoiunganisha injini na giaboksi ya otomatiki. Konvata ya kiwandani huanza kushika injini ikiwa kwenye mizunguko isiyofika hata 2,000 kwa dakika, ilhali LS1 hutoa msukumo wake mkubwa kuanzia mizunguko 4,000 hivi. Maana yake ni kwamba unapokanyaga mafuta taa ikiwaka, injini inalazimika kulivuta gari zito kutoka mahali ambapo yenyewe bado imelala. Ukiweka konvata inayoshika kwenye 3,000 hadi 3,400, injini inaruka mara moja hadi karibu na eneo lake la nguvu. Hakikisha tu kwamba umenunua yenye klachi ya kufunga ndani yake, kwa sababu ukiwa kwenye gia ya nne barabara kuu klachi hiyo hufunga na gari likatembea kama zamani, bila kula petroli ya ziada na bila kuchemsha oili ya giaboksi. Konvata ya namna hiyo huzalisha joto jingi kwenye foleni, kwa hiyo rejeta ndogo ya kupoza oili ya giaboksi inunuliwe siku hiyo hiyo. Isiwe kitu cha kufikiriwa baadaye.

Kuhusu kuifunga nyumbani, inawezekana, ingawa ni kazi ya wikendi nzima na msaidizi mmoja. Propela shafti itoke, ekzosi ya kati ishuke, ule mkono mrefu unaotoka kwenye difu hadi nyuma ya giaboksi ufunguliwe, kisha giaboksi yenyewe ishushwe kwa jeki yake maalumu, kwa sababu jeki ya kawaida haiwezi kuishikilia sawasawa. Sehemu inayowaponza watu ni ya kurudisha. Konvata mpya imwagiwe kwanza oili ndani, kisha isukumwe huku ikizungushwa hadi uisikie ikizama mara tatu, kila mara ndani zaidi. Giaboksi ikishakaa sawa na injini, na kabla hujafunga boliti za konvata, ni lazima konvata izunguke kwa mkono bila shida na iache nafasi ya milimita tatu hadi tano kati yake na sahani ya injini. Mtu asiyeona nafasi hiyo, akaamua kuzikaza boliti ili zivute giaboksi yenyewe, huivunja pampu ya oili kabla gari halijawashwa.

Baada ya hapo ndipo kompyuta. Programu ya HP Tuners huweza kusoma na kuandika upya kompyuta ya LS1, na humo ndimo utakaporekebisha wakati wa kubadilisha gia na mwendo ambao klachi ya konvata hufunga. Kiwanda pia kimeiamuru injini ipunguze nguvu kila gia inapobadilika, na wengi hukimbilia kuufuta mpangilio huo wote. Mimi ningeupunguza kiasi tu, kwa kuwa 4L60-E haisifiki kwa kuvumilia mapigo.

Naitrasi hudai petroli ya ziada, kwa hiyo nisingeizungumzia mpaka pampu ya petroli ijulikane hali yake, na kwenye Camaro hizi pampu iko ndani ya tanki, ambalo haliondoki bila kuvuruga ekseli ya nyuma.

BintiWaTanga amejibu:

Ninakubaliana na FundiWaOhio kuhusu konvata, lakini kuna jambo amelipita haraka, nalo ndilo linalowalaza watu wa Camaro kando ya uwanja wakisubiri gari la kuvuta. Difu ya gari hilo ni ya boliti kumi, yenye krauni, yaani gia yake kubwa ya duara, ya inchi 7.5 hivi, na ilitengenezwa kwa matairi ya kawaida ambayo huteleza nguvu zikizidi. Kuteleza huko ndiko kinga yake. Ukinunua matairi laini ya mashindano, hata yale yanayoruhusiwa barabarani kama Mickey Thompson ET Street au Nitto NT555R, ukayapeleka kwenye lami ya uwanja wa mbio iliyomwagiwa gundi, tairi halitateleza tena, na kitakachoachia badala yake ni meno ya krauni na pinioni. Ahueni yako ni kwamba una otomatiki, kwa kuwa konvata hulainisha pigo la kwanza, tofauti na mwenye giaboksi ya mkono anayeachia klachi kwa kishindo.

Kwa maoni yangu, msimu wa kwanza ukimbie kwa matairi mazuri ya kawaida, ujifunze kuondoka, na fedha iliyobaki uiweke akiba ya ekseli nzima ya kampuni kama Strange au Moser, ambayo haipatikani chini ya dola 2,500. Matairi laini yaje siku ekseli inapokuja. Najua wapo wanaokimbia miaka na difu ya kiwandani bila tatizo, lakini wengi wao ukiwauliza vizuri watakwambia ni ya pili au ya tatu.

Mkaazi_wa_Dallas ameandika:

Nawashukuru sana. Dada BintiWaTanga, nilikuwa nimeshaweka matairi hayo kwenye oda, na nimeyaondoa. Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, nikifungua difu nibadilishe krauni na pinioni kuwa 3.73, kama wanavyoshauri wengi? Na je, niondoe katalitiki konvata, ile ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, ili ekzosi ipumue, kwa kuwa gari la umri huu halipimwi tena moshi hapa Dallas?

BintiWaTanga amejibu:

Kwa 3.73 ninasema hapana, angalau si kwenye difu hiyo. Gia ya kwanza ya 4L60-E ni 3.06, ambayo tayari ni fupi, na ukiongeza konvata mpya gari litaondoka kwa nguvu ya kutosha hata na 3.23. Kupanga krauni na pinioni ni kazi inayodai vipimo vya sehemu ndogo sana za milimita, fundi atakulipisha fedha nzuri kwa kuipanga, na utakuwa umeiweka fedha hiyo ndani ya chuma unachokusudia kukitoa. Ekseli mpya utaiagiza na uwiano unaoutaka.

MzeeWaSpana amejibu:

Vijana wangu, nimesoma kwa makini, na niongezee yale ambayo hayaongezi mwendo.

Katalitiki konvata iache. Ni kweli kwamba upimaji wa moshi katika kaunti ya Dallas unaishia kwa magari ya miaka 24, lakini sheria ya shirikisho ya hewa safi hairuhusu kuiondoa kwenye gari la barabarani, liwe linapimwa au halipimwi, na faida ya kuiondoa kwenye injini ambayo haijabadilishwa ni ndogo mno kuliko kelele na harufu utakayoishi nayo kila asubuhi.

Kabla ya kubadilisha konvata ya giaboksi, pima mgandamizo wa silinda zote nane na uandike namba zake. Ukisikia mgongano mdogo injini ikiwa baridi na ukapotea ikipata moto, usishtuke, kwa sababu pistoni za LS1 nyingi hufanya hivyo na kuendelea kuishi. Springi za vali ndizo za kutilia shaka kwenye injini iliyotembea sana. Badilisha oili ya breki, kagua mipira ya breki na jointi za propela, na kama gari lako ni la paa la vioo vya kutoa, weka vyuma vya kuunganisha fremu ya mbele na ya nyuma, kwa kuwa bodi hiyo hujikunja na milango huanza kulia. Ule mkono mrefu aliousema FundiWaOhio umefungwa kwenye mkia wa giaboksi, na mapigo ya kuondoka huupasua mkia huo. Kwa kuwa giaboksi itakuwa chini, huo ndio wakati wa kununua kishikizo kinachouhamishia kwenye chuma cha fremu.

Uwanjani zinafuatwa kanuni za NHRA, chama cha Marekani cha mbio za namna hii. Gari linalopita kwa sekunde 13.99 au pungufu linadai kofia ngumu yenye stempu ya shirika linalopima usalama wa kofia, kama Snell, na Z28 yako ikiendeshwa vizuri hufika hapo hata kabla ya kuguswa, kwa hiyo nenda nayo siku ya kwanza. Matairi ya mashindano yasiyo na mistari yanadai pia pete ya chuma inayozuia propela isichimbe ardhi ikikatika. Ukifika sekunde 11.49, bomba la chuma ndani ya gari, la kumlinda dereva likipinduka, ni lazima, na hapo safari za kazini zinaanza kuwa za mashaka, kwa kuwa kichwa kisicho na kofia kiko jirani na bomba la chuma.

Kuhusu kuondoka, usiwe na haraka na taa. Saa ya muda wako huanza gurudumu linapouacha mwale wa mwanga ulio kwenye mstari wa kuondokea, si taa ya kijani inapowaka, kwa hiyo kuchelewa kwako hakuharibu namba iliyo kwenye karatasi. Mara za mwanzo ondoka injini ikiwa inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, kanyaga mafuta taratibu kisha yote, na linganisha futi 60 za kila mkimbio. Ukipunguza sehemu moja ya kumi ya sekunde hapo, kwenye mstari wa mwisho utaona imepungua zaidi ya hiyo. Kiyoyozi kizime ungali kwenye foleni ya kusubiri, maana maji yake yakidondoka kwenye mstari watakuondoa.

Mkaazi_wa_Dallas ameandika:

Shikamoo, mzee, na ahsante. Konvata ya 3,200, rejeta ya oili na kishikizo cha ule mkono nimeviagiza leo. Kipimo cha mgandamizo nitaazima dukani Jumamosi, na namba za silinda zote nitaziweka hapa kabla sijafungua boliti yoyote.