Naombeni ushauri: nimemkufuru Roho Mtakatifu au nimemhuzunisha tu?

Wapendwa habari zenu, mnisaidie jamani maana hata usingizi sina. Kabla sijaokoka nilikuwa nawacheka watu wakinena kwa lugha (yale maneno yasiyoeleweka wakiomba), siku moja nikasema kwa mdomo wangu kabisa yale ni mapepo, basi juzi nasoma Mathayo 12:31-32 nakuta kumkufuru Roho hakusamehewi, si ulimwengu huu wala ule ujao, nikaishiwa nguvu.

Ila Marko 3:30 inaonyesha Yesu aliwaambia vile waandishi (walimu wa sheria) kwa sababu walisema ana pepo mchafu, na wale walikuwa wanajua maandiko vizuri tu, mi nilikuwa sijui chochote (au najifariji?). Paulo nae 1 Timotheo 1:13 anasema alikuwa mtukanaji akapata rehema kwa kuwa alitenda kwa ujinga, hapo ndo napata moyo kidogo.

Halafu kumhuzunisha kwa Waefeso 4:30 na kumzimisha kwa 1 Wathesalonike 5:19 ni dhambi ileile au tofauti? Kuna rafiki ananiambia ukiona unaogopa hivi ujue hujamkufuru Roho, ni kweli? Nimwone mchungaji au nitubu mwenyewe tu? Wanaojua neno mje, kejeli sitaki.