Mjadala: Je, Kerala irudie mwandiko wa kabla ya 1971?

Serikali ya jimbo la Kerala, kusini magharibi mwa India, ilipobadilisha mwandiko wa Kimalayalam, lugha ya jimbo hilo, mwaka 1971, kikwazo hakikuwa wasomaji bali taipureta, ambayo haikuweza kubeba mamia ya maumbo ya herufi zilizounganishwa. Alama za irabu kama u, zilizokuwa zikishikamana na kila konsonanti kwa namna yake, zilitengwa na kuandikwa pembeni, na konsonanti nyingi zilizopandana zikaachanishwa. Leo taipureta imekwisha kwenda zake, na kundi la Rachana, lililoanza harakati zake mwaka 1999, limeonyesha kwa fonti zake kwamba kompyuta huandika maumbo yote ya zamani bila taabu. Kwa maoni yangu, mwandiko uliokatwakatwa kwa ajili ya mashine iliyotoweka hauna tena sababu ya kufundishwa. Karibuni tujadili.

Jibu:
Ndugu, hoja ya taipureta naikubali. Ninachopinga ni desturi ya watetezi wengi wa mwandiko wa zamani kuuita mwandiko wa asili. Maandishi ya Vazhappally ya karne ya 9, ambayo huhesabiwa miongoni mwa ya kale kabisa ya lugha hiyo, yaliandikwa kwa Vatteluttu, hati ya kale ya kusini mwa India. Mwandiko wa sasa umetokana na Grantha, hati ambayo watu wa kusini waliitumia kuandikia Kisanskriti, na ambayo ilikuwa na herufi za sauti kama bh na dh zilizokosekana katika Vatteluttu. Mapokeo humpa Ezhuthachan, mshairi wa karne ya 16, sifa ya kuieneza. Hata uduara wa herufi tunaousifu vitabuni unadaiwa sana na chapa alizochonga mmisionari Benjamin Bailey huko Kottayam katika karne ya 19. Isitoshe, Wamappila, yaani Waislamu wa Malabar, waliiandika lugha hiyohiyo kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya washairi wetu wa Lamu na Pate. Asili ipi basi irudiwe?

Jibu la mwanzisha mada:
Asili sikuitaja, ndugu yangu. Nimezungumzia sababu iliyokwisha. Serikali yenyewe mwaka 2022 iliamua kurejesha baadhi ya maumbo yaliyoachanishwa. Swali langu kwa wanaopinga ni hili: ikiwa nusu ya njia imekwisha kurudiwa, ni nini kinachozuia nusu iliyobaki, zaidi ya mazoea ya waliosomeshwa mwandiko mpya shuleni?