Tupeane uzoefu: kazi za nchi jirani na ukosefu wa ajira

Ndugu zangu, husemwa kwa wepesi kwamba mgeni mwenye kibali cha kazi humnyang'anya mwenyeji ajira, na kwamba anayeondoka humwachia mwenzake nafasi. Naomba aliyevuka mpaka kutafuta kazi, au aliyefanya kazi na waliovuka, aeleze aliyoyaona mwenyewe.

Mwashi: Kibali changu kilinifunga kwa mwajiri mmoja, hivyo kuacha kazi kulimaanisha kupoteza pia haki ya kuishi nchini humo. Mishahara ilipocheleweshwa wenyeji walilalamika, sisi tukanyamaza. Na mkandarasi alipohitaji watu zaidi, alituongeza sisi. Wenyeji walituchukia, nami siwalaumu, ingawa naamini kilichowaponza ni masharti ya kibali zaidi ya ujio wetu, kwa sababu wageni walioruhusiwa kuhama mwajiri walidai ujira uleule waliodai wenyeji, na mkandarasi hakuwa na sababu ya kuwapendelea.

Muuguzi: Wenzangu walipokwenda kufanya kazi nje, mimi niliyehitimu na kukaa bila ajira nilitumaini kuitwa. Sikuitwa, kwani kilichopungua hospitalini kilikuwa fungu la mishahara. Wauguzi tulikuwapo tele, tumekaa nyumbani.

Mwalimu wa uchumi: Mwaka 1980 Wakuba wapatao 125,000 waliingia jimbo la Florida, Marekani, katika miezi michache, na nguvukazi ya jiji la Miami ikaongezeka kwa takriban asilimia 7. Utafiti wa mwanauchumi David Card wa mwaka 1990 haukuona kwamba ujio huo uliongeza ukosefu wa ajira miongoni mwa wafanyakazi wenye ujuzi mdogo; mwanauchumi mwenzake George Borjas alimpinga baadaye, akidai kuwa mishahara ya wanaume wasiomaliza sekondari ilishuka sana. Wataalamu wangali wanabishana, na sehemu kubwa ya ubishi huo ni juu ya nani hasa apimwe. Kwangu swali hilo si la darasani tu: nilipohamia nchi nyingine shahada yangu haikutambuliwa, nikaendesha teksi, na hivyo (jambo ambalo takwimu za jumla hulificha) nikashindania abiria na madereva wa pale, ilhali shule zao zilikuwa zikitafuta walimu.

Aliyeanzisha mada: Nashukuru. Bado hatujamsikia mwajiri, wala aliyerudi kwao na akiba akafungua kazi iliyoajiri wengine. Kama wapo, tafadhali waendelee.