Eti "si mlipigiwa makofi?" Huyu mkubwa wetu amevuka mpaka

Wadau, nimetoka kwenye kikao cha asubuhi mikono ikitetemeka kwa hasira, na naandika kabla sijapoa. Mkubwa mwenyewe simtaji, kwa kuwa kila aliyewahi kuvaa sare katika hospitali za umma hapa Nairobi anamjua: ni yule ambaye wakati wa korona alikuwa adimu wodini kuliko kupatwa kwa jua.

Sisi wauguzi tulimwomba mambo mawili tu. Kwanza, atuonyeshe rekodi za vifaa vya kinga vilivyonunuliwa mwaka 2020, maana ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Pili, barua za onyo za Agosti 2021, pale watumishi wa umma walipopewa hadi tarehe 23 wawe wamechanjwa dhidi ya korona la sivyo wachukuliwe hatua za nidhamu, ziondolewe kwenye faili za wenzetu. Mimi nilichanjwa kwa hiari na ningechanjwa tena hata kesho. Lakini mgonjwa wangu ni lazima nimweleze na nipate ridhaa yake kabla sijamchoma sindano, kwa hiyo sielewi kwa nini muuguzi achomwe kwa vitisho.

Akakoroga chai, akatazama saa, akasema: "Lakini nyinyi si mlipigiwa makofi?"

Makofi! Yale ya kutupongeza wahudumu wa afya wakati wa korona! Barakoa ya N95 niliivaa zamu baada ya zamu, naihifadhi kwenye bahasha ya kaki iliyoandikwa jina langu, hadi mpira ukalegea nikaupiga fundo. Desemba 2020 daktari wa miaka 28 alifariki huku akidai mshahara wa miezi mitano, na mwaka huo huo ununuzi wa vifaa vya korona wa shilingi bilioni 7.8 pale KEMSA, mamlaka ya serikali ya kusambaza dawa na vifaa vya hospitali, ukawa kashfa ya taifa zima. Halafu mtu anakoroga chai na kuniuliza habari za makofi! Kondakta wa matatu ya Umoja hapokei makofi, na mwenye nyumba wangu hajawahi kuyaandikia risiti. Si mlipigiwa makofi, anasema, na kijiko bado kiko kikombeni.

Mzee wa Githurai: Pole sana, sista, ila umetaja makofi na chai hadi nimetamani andazi. Huyo mkubwa alijibu nini kuhusu rekodi?

Mleta uzi: Hakujibu. Alisema makofi, akaondoka.

Tabibu wa Kaunti: Namjua huyo, hata kikohozi chake nakijua. Lakini nyinyi wenye ajira ya kudumu mshukuru. Serikali ilitaka kuwashushia madaktari wanagenzi posho ya mwezi kutoka zaidi ya 200,000 hadi 70,000, na mwaka 2024 mgomo ukachukua siku 56. Hayo ndiyo matusi.

Mama Wawili: Dada, usitishike. Novemba 2021 Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alitangaza kwamba asiyechanjwa asihudumiwe katika ofisi za serikali, na mahakama ikasimamisha amri hiyo kabla haijaanza kutumika. Pelekeni barua hizo kwa wakili wa chama chenu cha wafanyakazi.

Kijana wa Makafani: Mnalilia makofi? Sisi tuliowafunga marehemu kwenye mifuko hatukupigiwa hata hayo. Jirani alihamisha kamba yake ya nguo isiguse yangu, na siku ya kugawa glavu tulikuwa wa mwisho kwenye orodha.

Mzee wa Githurai: Hilo la kamba ya nguo limenichoma, mdogo wangu.

Abiria 2020: Na sisi tulioteremka uwanja wa ndege wa JKIA tukapelekwa karantini kwa lazima, kisha tukadaiwa pesa za chakula na malazi kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, nani atatusemea? Nililala chumba kimoja na mtu anayekohoa, na bado nikalipishwa.

Mama Wawili: Risiti unayo?

Abiria 2020: Ninayo, yenye muhuri.

Kijana wa Makafani: Fungua uzi wako, ndugu, uiweke huko. Shemeji yangu naye alilipishwa, nitamwita aje.