Vidić au Ivanović: ungembeba nani?

Beki_Kisiki: Wakuu, jana kijiweni nusura tushikane mashati. Mabeki wawili Waserbia, wote walitua Uingereza mwezi Januari wakitokea Moscow: Vidić toka Spartak kwenda Manchester United 2006, Ivanović toka Lokomotiv kwenda Chelsea 2008. Ukipewa mmoja tu, akiwa wa moto, unambeba nani? Ushabiki wekeni pembeni.

Mzee_wa_Trafodi: Ushabiki pembeni kwenye mada hii? Haya. Vidić. Ubingwa wa ligi mara 5, Ligi ya Mabingwa 2008, unahodha, halafu mchezaji bora wa msimu wa EPL (Ligi Kuu England) mara 2, naye ni beki! Msimu wa 2008/09 kipa wetu Van der Sar alipiga mechi 14 za ligi mfululizo bila kuokota mpira wavuni. Hapo unabisha nini?

DarajaniDamu: Nabisha na Torres, straika wa Liverpool. Machi 2009, Liverpool wanawapiga 4-1 nyumbani kwenu, Vidić anatolewa kwa kadi nyekundu. Na alikula nyekundu mechi tatu mfululizo dhidi ya Liverpool hao hao. Mwezi uliofuata Ivanović akaenda Anfield, kona mbili, vichwa viwili, Chelsea 3-1. Fainali ya Europa 2013 Amsterdam, dakika za nyongeza, kona tena, kichwa tena, Benfica chali. Beki mwenye mabao 34 Chelsea!

Mama_Kandanda: Mimi ni Arsenal (msicheke), sina upande. Kwa klabu nampa Vidić. Kwa taifa Ivanović, mechi 105 si mchezo. Vidić alistaafu timu ya taifa 2011 baada ya kukosa penalti Slovenia, Serbia wakaikosa Euro.

Mzee_wa_Trafodi: Mama, kufuzu Kombe la Dunia 2006 ukuta wa akina Vidić uliruhusu bao 1 katika mechi 10. Moja!

Mama_Kandanda: Na kombe lenyewe akalikosa, majeruhi.

Kahawa_Chungu: Mmemsahau Suárez wa Liverpool jamani. Aprili 2013 alimng'ata Ivanović mkono, akafungiwa mechi 10. Mng'atwaji mwezi uliofuata akabeba kombe. Angekuwa Vidić, nyekundu angekula yeye.

DarajaniDamu: 😂😂 Umemaliza mkuu.

Mzee_wa_Trafodi: Chekeni tu. Drogba, straika wa Chelsea, akiwa na mwili ule, Ivanović alimkabia mazoezini. Vidić alimkabia kwenye mechi.

Beki_Kisiki: Basi nawapanga wote. Vidić kati, Ivanović namba mbili, kama Serbia ilivyopanga Afrika Kusini 2010 ikaifunga Ujerumani 1-0.

DarajaniDamu: Mechi ile ile Vidić aliyoshika mpira ndani ya boksi, hadi Stojković akapangua penalti ya Podolski? Panga tu mkuu, ila usimsahau na kipa.